Injini na Hewa: Mvutano wa Nguvu na Nafasi katika Usanifu wa Magari ya Langalanga, 1967–2021

Utangulizi

Tarehe 17 Juni 1978, katika kiwanja cha Anderstorp nchini Sweden, gari lililobeba feni kubwa nyuma yake lilishinda mbio za langalanga kwa tofauti ya zaidi ya sekunde 34. Dereva alikuwa Niki Lauda, timu ilikuwa Brabham ya Uingereza, na injini ilikuwa ya Alfa Romeo yenye silinda 12. Gari hilo halikushindana tena. Katika maandishi mengi ya historia ya mchezo huu, feni ile husimuliwa kama kituko, au kama mfano wa ujanja wa msanifu wake, Gordon Murray. Ni nadra kuulizwa ni kitu gani kilichomfikisha huko. Jibu limo ndani ya injini yenyewe: ilikuwa na nguvu kuliko injini za wapinzani wake wengi, lakini ilikuwa pana mno, na upana huo uliziba njia ambayo hewa ilitakiwa kupita chini ya gari.

Makala haya yanachunguza mvutano uliopo baina ya nguvu ya injini na nafasi ambayo msanifu wa bodi huihitaji ili hewa ipite anavyotaka. Kipindi kinachoangaliwa kinaanzia mwaka 1967, injini ya Ford Cosworth DFV ilipoingia mashindanoni, na kuishia mwaka 2021, mwaka wa mwisho wa Honda kama mshiriki rasmi katika awamu ile ya injini za haibridi. Neno langalanga linatumika hapa kwa maana iliyozoeleka katika kurasa zetu za michezo, yaani mashindano ya Formula 1. Rali na aina nyingine za mbio hazikuhusishwa, isipokuwa pale ambapo mfano mmoja wa Marekani unasaidia kueleza jambo.

Maelezo yaliyozoeleka huzichukulia nguvu na umbo kuwa vitu viwili vinavyopimwa katika mizani: ukiongeza huku, unapunguza kule, na msanifu hodari ni yule anayepata usawa. Maelezo hayo si ya uongo, lakini yanaficha jambo moja ambalo kwa maoni ya mwandishi ndilo lililoamua ushindi na aibu za miongo mitano. Injini na bodi havikuwa na umri mmoja. Injini mpya huchukua miaka kadhaa tangu ilipochorwa mpaka itakapotegemewa, na ikishapatikana hutumiwa kwa muda mrefu ili kurudisha gharama. Bodi huweza kubadilishwa katika majira mamoja, pengine kati ya mbio moja na nyingine. Hivyo injini mara nyingi ilikuwa jibu la swali lililoulizwa zamani, wakati hewa ilikuwa imeshauliza swali jipya.

Hewa chini ya gari

Kabla ya kuendelea, inafaa kueleza kwa ufupi kile kilichokuwa kinagombaniwa. Gari linalokata kona kwa kasi hushikwa na msuguano wa matairi yake, na msuguano huo huongezeka kadiri matairi yanavyokandamizwa barabarani. Uzito hukandamiza, lakini uzito uleule hulivuta gari nje ya kona. Mkandamizo unaotokana na hewa hauna kasoro hiyo. Tangu mwaka 1968 timu zilipata mkandamizo huo kwa mabawa yaliyogeuzwa juu chini, na kwa karibu miaka kumi mabawa ndiyo yaliyokuwa elimu yote ya hewa iliyotiliwa maanani.

Mwaka 1977 timu ya Lotus ilileta gari lake la Lotus 78. Colin Chapman alikuwa amewapa Tony Rudd na Peter Wright kazi ya kutafiti, na majaribio ya modeli yalifanywa katika handaki la upepo la Imperial College, London. Wright aligundua kwamba visanduku vya ubavuni vya modeli vilipolegea na kushuka karibu na sakafu, mkandamizo uliongezeka kupita matarajio. Kanuni yake ni ileile ya mto unaopita penye wembamba: hewa inayobanwa kati ya gari na barabara huongeza kasi, na kanieneo yake hupungua. Gari linanyonywa chini. Ili kuzuia hewa ya pembeni isiingie na kuharibu kazi hiyo, kingo za gari ziliwekewa sketi zilizogusa lami.

Jambo ambalo msomaji anapaswa kulishika ni hili. Baada ya hewa kupita penye wembamba lazima ipewe nafasi ya kupanuka taratibu kuelekea nyuma. Ikipanuka ghafla hukatika na kuwa vurugu, na mkandamizo hupotea. Mfereji uliopo chini ya ubavu wa gari kwa hiyo unapaswa kuinuka pole pole, na mahali unapoinukia ni pale hasa ambapo injini na giaboksi vimekaa. Kuanzia siku hiyo, kila sentimita ya injini iliyotokeza ubavuni, chini, ilikuwa na bei.

Jibu lililopatikana kabla ya swali

Injini ya DFV ilibuniwa na Keith Duckworth wa Cosworth kwa fedha za Ford, pauni 100,000, na iliingia mashindanoni tarehe 4 Juni 1967 huko Zandvoort, Uholanzi, ndani ya Lotus 49. Jim Clark alishinda siku hiyohiyo. Ilikuwa na silinda nane katika umbo la V la nyuzi 90, ujazo wa lita tatu na nguvu-farasi zipatazo 400. Sifa yake kubwa wakati ule ilikuwa ya kimuundo: haikuwekwa ndani ya fremu, yenyewe ilikuwa sehemu ya fremu. Ilifungwa kwa bolti nyuma ya kiti cha dereva, na magurudumu ya nyuma yakaning’inia kwenye injini na giaboksi yake. Chapman na Duckworth walikubaliana tangu mwanzo kuhusu mahali pa kufungia, na kwa maana hiyo DFV ni mfano wa awali wa injini iliyochorwa kwa kuzingatia gari zima.

Hakuna aliyefikiria mifereji ya hewa mwaka 1967. Hata hivyo, injini ya V ina umbo la faneli: pana juu, kwenye silinda hedi, na nyembamba chini, kwenye krenkishafti. Chini ya silinda hedi, kila upande, pana uwazi. Miaka kumi baadaye uwazi huo, ambao Duckworth hakuuwekea thamani yoyote ya kiaerodinamiki, uligeuka kuwa mahali pazuri kabisa pa kupitishia mfereji. Injini iliyokuwa imeanza kuitwa ya kizamani, na ambayo timu yoyote yenye fedha iliweza kuinunua, ikapata uhai wa pili. Lotus 79 ilimpa Mario Andretti ubingwa wa mwaka 1978, na Williams FW07 ikampa Alan Jones wa mwaka 1980.

Injini iliyolala

Ferrari ilikuwa katika hali ya kinyume, na kisa chake kinastahili kukaliwa kwa muda kwa sababu ndicho kinachotafsiriwa vibaya mara nyingi. Mwaka 1970 Mauro Forghieri alileta injini ya silinda 12 zilizolala kabisa, sita kila upande, ndani ya gari la 312B. Wapo wanaoandika kwamba Ferrari ilipenda nguvu na kuidharau hewa. Ushahidi unaonyesha tofauti. Kulaza silinda kulikuwa na sababu mbili, na zote zilihusu mwenendo wa gari: kitovu cha uzito kilishuka, na sehemu ya nyuma ya gari ikawa fupi kwa kimo, hivyo hewa safi ililifikia bawa la nyuma. Kwa mujibu wa elimu ya mwaka 1970, hii ndiyo iliyokuwa injini bora zaidi ya kiaerodinamiki uwanjani.

Matokeo yalithibitisha hivyo. Gari lilishinda mbio nne mwaka huohuo wa kwanza. Lilipopewa giaboksi iliyokaa mkingamo katika 312T, Ferrari ilitwaa ubingwa wa watengenezaji mwaka 1975, 1976 na 1977, na Lauda akawa bingwa wa madereva mwaka 1975 na 1977. Injini ilizidi nguvu-farasi 500 wakati DFV ilikuwa ikikaribia 480. Palipokuwa na sehemu ndefu zilizonyooka, tofauti hiyo ilionekana kwa macho.

Kisha swali likabadilika. Silinda hedi za injini iliyolala hukaa pembeni kabisa na chini kabisa, na mabomba ya ekzosi hutokea chini yake. Mfereji ulipohitaji kuinuka ulikutana na ukuta wa aluminiamu. Kila kilichokuwa sifa mwaka 1970 kilikuwa kasoro mwaka 1978, na hakuna patasi iliyoweza kurekebisha, kwa kuwa kulala kwa silinda ndiko kulikuwa injini yenyewe.

Hapa mtafiti anakutana na mwaka 1979, ambao unaonekana kuipinga hoja hii. Ferrari 312T4, kwa injini ileile, ilishinda mbio sita, na Jody Scheckter akawa bingwa huko Monza tarehe 9 Septemba. Je, upana haukuwa tatizo? Kalenda inatoa jibu. Williams FW07 haikuwa tayari mwanzoni mwa msimu. Ilipokamilika, Clay Regazzoni aliipa Williams ushindi wake wa kwanza huko Silverstone mwezi Julai, na Jones akashinda mbio nne katika sehemu iliyobaki. Ferrari ilikuwa imekusanya pointi mapema, magari yake yalimaliza mbio wakati mengine yakiharibika, na matairi ya Michelin yalisaidia. Ubingwa ulikuwa wa haki, lakini ulipatikana dirisha likiwa linafungwa.

Mwaka uliofuata dirisha lilifungwa. Ferrari 312T5 ilipata pointi 8 katika msimu mzima na kushika nafasi ya kumi, ilhali Williams ilipata 120. Scheckter, bingwa wa dunia, alishindwa hata kufuzu kuanza mbio za Kanada. Ni kweli kwamba wakati huo macho ya Ferrari yalikuwa kwenye injini mpya ya tabo, iliyoonyeshwa Imola mwezi Septemba 1980, na kwamba matairi nayo yalilaumiwa. Mambo hayo yanaeleza sehemu ya anguko. Hayaelezi kwa nini gari lililokuwa la mabingwa lilibaki nyuma kwenye kona hasa, mahali ambapo mfereji ndio uliofanya kazi.

Feni ya Murray

Brabham iliingia katika shimo hilohilo kwa mlango wa biashara. Bernie Ecclestone alifanya mkataba na Alfa Romeo, na kuanzia mwaka 1976 timu iliiacha DFV ikachukua injini ya silinda 12 zilizolala kutoka kwa Carlo Chiti. Nguvu zilikuwepo. Injini, hata hivyo, ilikuwa na kiu kubwa ya mafuta na ilitoa joto jingi, na joto lilihitaji rejeta, na rejeta zilihitaji nafasi ambayo haikuwepo. Murray alijaribu kwanza kuondoa rejeta za kawaida katika BT46 na kutandaza vipoza bapa juu ya ngozi ya gari. Havikuweza kupoza injini, vikaachwa.

Lotus 79 ilipotokea, Murray alielewa mara moja kwamba asingeweza kuiiga, kwa kuwa mahali pa mifereji palikuwa na silinda. Akatafuta njia nyingine ya kupunguza kanieneo chini ya gari: akaziba sehemu yote ya injini kwa sketi, akalaza rejeta kubwa juu ya injini, na akaweka feni nyuma iliyovuta hewa kupitia rejeta hiyo na kutoka chini ya gari kwa pamoja. Wazo la feni halikuwa geni. Jim Hall alikuwa amelitumia katika Chaparral 2J huko Marekani mwaka 1970, kwa injini ndogo ya pembeni. Feni ya Brabham ilizungushwa na giaboksi, kwa hiyo dereva alipokanyaga mafuta gari lilizama chini hata likiwa limesimama, na watu waliokuwa kando ya njia waliliona.

Kanuni zilikataza vifaa vya kiaerodinamiki vinavyosogea. Brabham ilijibu kwamba kazi kuu ya feni ilikuwa kupoza. Utetezi huo umechekwa sana, lakini haukuwa uongo mtupu. Tatizo la kupoza lilikuwepo kabla ya feni. Timu nyingine zililalamika vikali, na Ecclestone, ambaye masilahi yake ya kisiasa katika chama cha watengenezaji yalikuwa makubwa kuliko gari moja, aliliondoa. Ushindi wa Sweden haukufutwa.

Kilichofuata kinadhihirisha tofauti ya umri iliyotajwa mwanzoni. Murray aliiomba Alfa Romeo injini nyembamba, na Chiti alitengeneza V ya silinda 12 kwa miezi michache tu. Kwa umbo ilikuwa sahihi. Kwa uimara haikuwa, na msimu wa 1979 ulikwisha gari likiharibika mara kwa mara. Kabla ya msimu kuisha Brabham ilirudi kwenye DFV katika BT49. Nelson Piquet aliutwaa ubingwa wa mwaka 1981 kwa injini iliyozaliwa mwaka 1967.

Injini iliyoagizwa kwa kipimo

Wa kwanza kuligeuza somo hilo kuwa sera alikuwa John Barnard wa McLaren. Alipohitaji injini ya tabo hakwenda kuuliza ni ipi iliyokuwepo. McLaren iliiajiri Porsche kutengeneza injini kwa vipimo alivyoviandika yeye, na gharama zilibebwa na kampuni ya TAG ya Mansour Ojjeh. Hans Mezger wa Porsche alipewa mipaka: V ya silinda sita yenye nyuzi 80, chini iwe nyembamba, na pampu zisitokeze mahali pa mifereji. Pengine huu ndio wakati wa kwanza katika mchezo huu ambapo mtengeneza injini mwenye jina kubwa alikuwa fundi wa kuajiriwa, na mwenye bodi ndiye aliyekuwa mwajiri.

Historia ilimfanyia Barnard mzaha. Kabla injini haijaanza kushindana, mwezi Agosti 1983 huko Zandvoort, kanuni za mwaka huo zilikuwa zimeagiza sakafu bapa na kuifuta mifereji yote. Swali lilikuwa limebadilika tena. Lakini wembamba ulipata kazi nyingine. Barnard alilibana bodi la nyuma katikati ya magurudumu, mithili ya kiuno cha chupa ya soda, ili hewa ya ubavuni ipite kwa utulivu kuelekea bawa la nyuma. Injini pana isingeruhusu hilo. Mwaka 1984 McLaren MP4/2 ilishinda mbio 12 kati ya 16, Lauda akimshinda Alain Prost kwa nusu pointi, na Prost akatwaa ubingwa wa 1985 na 1986.

Ni muhimu kutambua kile ambacho Barnard hakukidai. Aliweka mipaka mikali chini, akaacha tabo mbili zikae pembeni, kila moja upande wake, zikiwa na nafasi ya kufanya kazi na kupumua. Tutaurudia ukweli huu.

Kulaza kilichoundwa kusimama

Mwaka 1986 Murray alitengeneza Brabham BT55, gari la kimo kifupi mno, ambalo dereva wake karibu alilala chali. Lengo lilikuwa kufikisha hewa safi kwenye bawa la nyuma, lengo lilelile la Forghieri mwaka 1970. Injini ilikuwa BMW ya silinda nne zilizopangwa mstari mmoja, ambayo bloku lake la chuma lilitokana na injini ya magari ya barabarani ya miaka ya 1960. Injini ya mstari ni ndefu kwa kimo, hivyo ilinamishwa nyuzi 72, karibu kulazwa kabisa, na ikahitaji giaboksi ya pekee ya gia saba.

Oili haikukubali. Katika injini iliyosimama oili hushuka yenyewe. Katika hii ilikusanyika mahali isipotakiwa, na nguvu zikapotea. Bahati nzuri kwa mwanahistoria, mwaka huohuo Benetton ilitumia injini ya BMW ya aina hiyo ikiwa imesimama, na Gerhard Berger akashinda nayo huko Mexico. Brabham iliambulia pointi 2. Huko Brands Hatch ililirudisha hata gari lake la mwaka uliotangulia ili kulinganisha. Mwaka huo ulikuwa pia wa msiba, kwani Elio de Angelis alifariki baada ya ajali ya majaribio huko Paul Ricard mwezi Mei.

Murray alihamia McLaren, na wazo la gari fupi likajaribiwa upya mwaka 1988 katika MP4/4, chini ya Steve Nichols kama msanifu mkuu. Nani anastahili sifa kati ya wawili hao ni ugomvi ambao makala haya hayataki kuuingia. Lililo muhimu ni kwamba safari hii Honda ilikubali kutengeneza injini ya tabo iliyoshushwa makusudi, kwa klachi ya kipenyo kidogo iliyoruhusu krenkishafti kukaa chini, nayo McLaren ikatengeneza giaboksi ya shafti tatu ili kuuinua mwendo hadi kwenye magurudumu. Honda ilifanya hivyo ikijua kwamba tabo zingepigwa marufuku mwaka 1989. Ni watengenezaji wachache wangekubali kuwekeza kiasi hicho kwa msimu mmoja. Fedha, kwa maneno mengine, ziliufupisha umri wa injini mpaka ukalingana na ule wa bodi. Ayrton Senna na Prost walishinda mbio 15 kati ya 16.

Lotus ilikuwa na injini hiyohiyo ya Honda mwaka ule na haikushinda hata mara moja. Injini fupi ilitoa fursa. Ilibidi bodi ijue kuitumia.

Honda mara ya pili

Mwaka 2014 langalanga ilihamia kwenye injini za V6 za lita 1.6 zenye tabo na mfumo wa haibridi, ambao pamoja na mambo mengine huvuna umeme kutokana na moshi wa ekzosi. Idadi ya vitu vya kupachika na kupoza iliongezeka ghafla. Mercedes, yenye karakana ya injini Brixworth na ya gari Brackley, iliitenga tabo vipande viwili: kompresa mbele ya injini na tabaini nyuma yake, shafti ikipita katikati ya V pamoja na jenereta. Mabomba yakawa mafupi, hewa iliyoingia ikawa haipashwi joto na ekzosi, kipoza hewa kikaweza kupunguzwa na bodi likabanwa. Nguvu na wembamba vilitoka katika mchoro mmoja. Mercedes ilishinda mbio 16 kati ya 19.

McLaren ilinunua injini hiyohiyo mwaka ule na kumaliza ya tano. Ron Dennis alitoa hitimisho hadharani kwamba timu mteja haiwezi kuwa bingwa kwa injini ya mpinzani wake, akairudia Honda. Kumbukumbu ya 1988 bila shaka ilikuwa na uzito. McLaren ilidai injini ndogo kupita zote, ambayo bodi la nyuma lingeweza kuifunika kama ngozi, na Honda ikakubali. Tabo ilibanwa ndani ya V.

Kwa juu juu, hii ni sera ya Barnard: mwenye bodi aliandika kipimo, mwenye injini akatii. Matokeo yalikuwa kinyume kabisa. Katika mbio za kwanza za 2015, Australia, gari moja la McLaren liliharibika kabla ya kuanza na lingine, la Jenson Button, lilimaliza la mwisho. Joto lilisumbua. Udogo wa tabo ulipunguza umeme uliovunwa, na kwenye sehemu ndefu zilizonyooka msaada wa umeme uliisha kabla ya kona kufika, mbele ya macho ya kila aliyekuwa akipita. Timu ilipata pointi 27 na kushika nafasi ya tisa kati ya kumi.

Tofauti kati ya 1983 na 2015 haimo katika utii wa mtengeneza injini. Barnard alibana sehemu ambazo teknolojia yake ilikuwa imeshafahamika na akaachia sehemu ngeni, yaani tabo. McLaren na Honda walibana hasa kile kilichokuwa kigeni kuliko vyote. Walikifinyanga kabla hakijajulikana kingehitaji nafasi kiasi gani, na kanuni za wakati huo, zilizowekea mipaka mabadiliko ya injini, ziliwanyima njia ya kurudi haraka. Kosa la Ferrari ya 1980 lilikuwa kubaki na jibu la zamani. Kosa la 2015 lilikuwa kutoa jibu kabla ya kufanya hesabu.

Mipaka hiyo ilipoondolewa mwaka 2017, Honda iliachana na mchoro wake na kuitenga tabo kwa namna ya Mercedes. Mwaka wa kwanza wa mchoro mpya ulikuwa mgumu vilevile, na mwishoni mwake McLaren ilivunja mkataba. Lawama zote zilitupwa kwa Honda. Mwaka 2018, ikiwa na injini ya Renault, McLaren ilipata nafasi ya sita tu, na ikabidi yenyewe ikubali kwamba gari lililodaiwa kucheleweshwa na injini lilikuwa na udhaifu wake. Honda ilikwenda Toro Rosso, kisha Red Bull, ambako ilishinda Austria mwaka 2019 kwa injini ambayo safari hii haikuanza kwa kutakiwa iwe ndogo. Udogo ulikuja baadaye. Kwa ajili ya msimu wa 2021, ikiwa na uzoefu wa miaka sita wa joto na umeme, Honda iliichora upya injini yake iwe fupi na iliyobanana zaidi, na tarehe 12 Desemba mwaka huo, huko Abu Dhabi, Max Verstappen aliipeleka kwenye ubingwa wa madereva.